Barua ya Wazi kwa Rais na Mawaziri wa Leba na Fedha: Mkituomba Tukaze Mshipi, Semeni Hadi Lini

Kwa Mheshimiwa Rais wa Jamhuri ya Kenya,
Waziri wa Leba na Ulinzi wa Jamii,
Waziri wa Hazina ya Kitaifa,
na Waheshimiwa wabunge wa Bunge la Taifa.

Waheshimiwa,

Nawaandikia kuhusu hati ya mshahara. Mfanyakazi anayelipwa Sh50,000 kwa mwezi alikuwa, hadi Januari 2023, akikatwa Sh200 za NSSF (akiba ya uzeeni) na Sh1,200 za NHIF (bima ya afya ya wakati huo), yaani Sh1,400 kabla ya kodi ya mapato. Mwaka 2025 mfanyakazi huyohuyo, kwa mshahara uleule, alikatwa Sh3,000 za NSSF, Sh1,375 za bima mpya ya afya na Sh750 za tozo ya nyumba, jumla Sh5,125, kisha kodi ikafuata. Najua mtanijibu kwamba tangu mwisho wa Desemba 2024 makato hayo huondolewa kwanza ndipo kodi ipigiwe hesabu. Ni kweli, na ilikuwa hatua njema, lakini nafuu hiyo haikaribii kuziba pengo la tarakimu nilizozitaja, na mwenye duka la mtaani hajali kama pesa zilizopungua mfukoni mwa mteja wake zinaitwa kodi, tozo au mchango.

Kwa kila awamu ya makato hayo tumepewa maelezo yanayofanana: nchi imelemewa na madeni, mwananchi hana budi kukaza mshipi, na maumivu ya leo ndiyo nafuu ya kesho. Sikatai kwamba hali ni nzito. Deni la taifa lilikuwa limepita Sh10 trilioni kufikia katikati ya mwaka 2024, na yeyote ambaye angeketi kwenye viti vyenu angelazimika kutafuta fedha mahali fulani. Ila lugha mnayoitumia ni lugha ya serikali iliyo vitani, na lugha hiyo ina historia yake na masharti yake. Serikali ikimwambia raia ajinyime kwa ajili ya taifa, huwa imeingia naye katika mapatano, hata kama hakuna karatasi iliyotiwa saini. Mimi ni mwakilishi wa zamani wa wafanyakazi, na nimeona niwakumbushe jinsi serikali mbili zilivyopigana vita vimoja chini ya mfalme mmoja, zikawatendea wafanyakazi wao mambo mawili tofauti kabisa, kisha niwaulize ni ipi kati ya hizo mmeifanya kuwa mwalimu wenu.

Ya kwanza ni ya London. Mei 1940, majeshi ya Ujerumani yakiwa yanaisambaratisha Ufaransa, Winston Churchill aliunda serikali ya mseto, na Wizara ya Leba akamkabidhi Ernest Bevin, katibu mkuu wa chama cha wafanyakazi wa uchukuzi, mtu aliyeacha shule akiwa mtoto na ambaye aliwahi kuendesha mikokoteni ya farasi mjini Bristol. Wakati huo Bevin hakuwa hata mbunge. Wawili hao hawakuwa marafiki wa kisiasa; katika mgomo mkuu wa mwaka 1926 walikuwa pande mbili zilizokabana koo. Churchill alimteua kwa sababu alijua kwamba viwanda, migodi na bandari haviendeshwi kwa amri peke yake. Bevin alipewa mamlaka makubwa ambayo hakuna waziri wa Kenya ya leo anayeweza kuyaota, yakiwemo ya kumhamisha mtu kutoka kazi moja hadi nyingine, na kwa Amri nambari 1305 ya Julai 1940 migomo ilipigwa marufuku na migogoro ikawa ya kupelekwa kwa wasuluhishi.

Lakini tazameni upande wa pili wa mizani. Faida ya ziada ambayo makampuni yaliipata wakati wa vita ilitozwa kodi ya asilimia 100. Na mwaka 1941, serikali ilipopanua kodi ya mapato ikawafikia mamilioni ya wafanyakazi ambao hawakuwahi kuilipa, sehemu ya nyongeza hiyo iliandikwa kuwa deni la serikali kwa mlipaji, la kurudishwa vita vikiisha. Urejeshaji ulikokotwa mno, wengine wakasubiri hadi miaka ya 1970, wakati mfumko wa bei ulikuwa umekwisha kuila thamani ya fedha hizo. Sisemi, basi, kwamba Waingereza walikuwa malaika. Nasema kwamba serikali iliyokuwa ikidondoshewa mabomu kila usiku ilipata nafasi ya kumwandikia mfanyakazi wake kwamba inamdai kwa muda na inadaiwa naye.

Hata marufuku ya mgomo ilikutana na ukuta wake. Januari 1942 wachimbaji wa makaa ya mawe wa mgodi wa Betteshanger, katika jimbo la Kent, waligoma kwa sababu ya malipo ya kazi kwenye tabaka gumu la mwamba. Serikali ikaamua kutoa mfano: viongozi watatu wa chama wakafungwa, na wachimbaji wapatao 1,000 wakatozwa faini. Makaa hayakutoka. Mwishowe maafisa wa serikali walilazimika kwenda gerezani kuzungumza na watu walewale walioshtakiwa, na mapatano ya kumaliza mgomo yakatiwa saini humohumo gerezani, kwa masharti yasiyo mbali na yale wachimbaji waliyoyataka tangu mwanzo. Viongozi wakaachiliwa baada ya siku chache, na wengi wa waliotozwa faini hawakuilipa kamwe.

Kisa hicho nakileta kwa sababu tumekirudia hapa nyumbani bila kujua. Februari 13, 2017, maafisa saba wa chama cha madaktari, KMPDU, walipelekwa jela kwa mwezi mmoja kwa kudharau amri ya mahakama ya kusitisha mgomo. Siku mbili baadaye Mahakama ya Rufani iliwaachilia ili mazungumzo yaendelee, kwa kuwa madaktari hawakurudi wodini kwa sababu viongozi wao wamefungwa. Wangerudi vipi, na nani angewaambia warudi? Mgomo uliendelea hadi katikati ya Machi, ukatimiza siku 100. Mmoja wa waliofungwa, Dkt Ouma Oluga, aliyekuwa katibu mkuu wa chama hicho, leo ni Katibu wa Wizara katika Idara ya Huduma za Matibabu. Anajua pande zote mbili za mlango ule, na natumaini mnamsikiliza.

Serikali ya pili ni ya Nairobi, miaka ileile. Huku hakukuwa na Bevin. Japani ilipoziteka Ufilipino na visiwa vilivyokuwa vya Uholanzi kule Asia mwaka 1942, mkonge wa Afrika Mashariki ukawa mali ya vita, na serikali ya kikoloni ikaruhusu Waafrika kukusanywa kwa lazima ili wafanye kazi si jeshini tu bali pia katika mashamba ya watu binafsi. Wakuu wa wilaya na machifu walipewa idadi ya vichwa vya kutafuta. Mwenye shamba, kwa upande wake, alihakikishiwa bei ya mazao yake na serikali, na bei ya mahindi ya mlowezi ilikuwa juu ya bei aliyolipwa mkulima Mwafrika kwa mahindi yaleyale. Mwaka 1943 njaa ilipoingia, mgao wa chakula ulifuata rangi. Askari wa KAR, jeshi la Waafrika chini ya Waingereza, waliopigana Ethiopia na Burma walirudi wakakuta mpango wa kuwapa askari mashamba upo, ila ni wa askari Wazungu. Hakuna aliyemwandikia mtu yeyote kati yao kwamba anamdai chochote.

Mombasa ndiyo iliyoonyesha matokeo ya utawala wa namna hiyo, na hapa naomba mnivumilie, kwa maana historia ya mji huu haisomwi inavyostahili hata na wanaouongoza. Mwishoni mwa Julai 1939, wiki chache kabla ya vita kutangazwa, vibarua wa idara ya kazi za umma waligoma wakidai posho ya nyumba, na mgomo ukaenea hadi kwa wapakuzi wa mizigo bandarini. Kodi ya chumba Majengo ilikuwa inameza mshahara, watu wakilala kwa zamu katika vyumba visivyotosha. Tume ya Willan ikaundwa, ikakubali kwamba suala la nyumba lilikuwa kiini cha malalamiko. Oktoba 1942, vita vikiwa vimepamba moto, wafanyakazi wa reli wakagoma kwa sababu ya gharama ya maisha, na serikali iliyokuwa ikisema haina fedha ikapata fedha za nyongeza. Mwaka 1945 mji ukatishia kugoma tena, ikaundwa kamati ya Phillips. Kila mara utaratibu ulikuwa mmoja: malalamiko yanapuuzwa, kazi inasimama, tume inaundwa, tume inakubali kwamba wafanyakazi walikuwa na haki, sehemu ndogo ya mapendekezo inatekelezwa, na mengine yanawekwa kabatini hadi mgomo unaofuata.

Mgomo uliofuata ulianza Januari 13, 1947. Takriban wafanyakazi 15,000 waliacha kazi: wa bandari, wa reli, wa mahoteli, na hata wapishi na maboi wa majumbani, ambao hakuna chama kilichowahi kuwahesabu. Walikutana kila siku kwenye kiwanja cha mpira walichokiita Kiwanja cha Maskini, wakasali, wakahutubiana na kuwahukumu wenyewe waliokaidi mgomo. Kwa siku 12 mji wa pili kwa ukubwa nchini uliendeshwa na kiwanja kile kuliko ofisi ya mkuu wa mkoa. Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza katika Baraza la Kutunga Sheria, alikuja kuwasihi warudi kazini kwa ahadi kwamba madai yao yatasikilizwa, na jopo la Jaji Ransley Thacker likaundwa na kuwaongezea mishahara. (Ndiye Thacker yuleyule aliyemhukumu Mzee Kenyatta na wenzake Kapenguria mwaka 1953, mtu mmoja aliweza kuona haki ya kibarua katika hesabu za mshahara na asiione mahali pengine popote.) Chege Kibachia, aliyekuwa kiongozi wa shirikisho lililozaliwa na mgomo ule, alikamatwa Agosti mwaka huohuo na kupelekwa uhamishoni Baringo, akakaa huko miaka 10. Makhan Singh, mwasisi wa chama cha wafanyakazi kisichobagua rangi hapa Kenya, alikamatwa Mei 1950 pamoja na Fred Kubai, wiki chache baada ya kudai uhuru hadharani katika ukumbi wa Kaloleni, na hakuachiliwa hadi Oktoba 1961.

Nimekaa sana katika suala la nyumba la mwaka 1939 kwa sababu linagusa moja kwa moja tozo mnayotukata. Baada ya miongo ya mapambano ya aina ile, sheria ya nchi hii ilifika mahali pa kusema wazi kwamba nyumba ya mfanyakazi ni jukumu la mwajiri. Kifungu cha 31 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinamtaka mwajiri ampe mfanyakazi makao yanayofaa au amwongezee fedha za kutosha kulipia kodi ya nyumba. Hilo ndilo walilogomea vibarua wa 1939. Sasa, tangu Julai 2023, mfanyakazi anakatwa asilimia 1.5 ya mshahara wake wote ili kujenga nyumba ambazo si zake, ambazo hana hakika ya kuzipata, na ambazo mwenye nyumba tayari naye anazilipia. Mwajiri analipa kiasi kama hicho, nakubali, lakini kugawana mzigo nusu kwa nusu kati ya anayelipwa Sh20,000 na kampuni iliyomwajiri ni usawa wa kwenye karatasi.

Na mliwahi kuwa na wazo bora kuliko hili. Mswada wa Fedha wa 2023 ulipowasilishwa, mchango ulipangwa kuwa asilimia 3, na mchangiaji asiyepata nyumba angerudishiwa fedha zake baada ya miaka 7. Tulilalamikia asilimia, mkaipunguza. Ila mlipoipunguza mliondoa na haki ya kurudishiwa, mchango ukageuka kodi tupu. Mahakama Kuu iliibatilisha Novemba 28, 2023, Mahakama ya Rufani ikakataa Januari 2024 kuiruhusu iendelee wakati rufaa ikisubiriwa, nanyi mkarudi Bungeni na sheria mpya iliyotiwa saini Machi 19, 2024, tozo ikaanza upya. Wanasheria wenu walifanya kazi yao. Ninachouliza ni kwa nini ile sehemu iliyofanana na utaratibu wa Uingereza wa 1941, wa kumwandikia mfanyakazi kwamba anadai, ndiyo pekee iliyopotea njiani.

Hapa sina budi kuwageukia kidogo na viongozi wetu wenyewe. Desemba 2018, serikali iliyowatangulia ilipotaka kutoza asilimia 1.5 hiyohiyo kwa ajili ya nyumba, COTU, shirikisho la vyama vya wafanyakazi nchini, ilikwenda mahakamani na tozo ikasimamishwa. Mwaka 2023 COTU hiyohiyo iliiunga mkono. Mtu anaweza kubadili msimamo kwa sababu nzuri, lakini anayebadili msimamo juu ya mfuko wa mtu mwingine anawajibika kuwaeleza wenye mfuko kilichobadilika. Bevin aliingia serikalini akiwa na wanachama wake nyuma yake, na hiyo ndiyo nguvu aliyomletea Churchill. Kiongozi wa wafanyakazi ambaye wanachama wake wanasikia uamuzi wake kwenye redio hawasaidii hata ninyi mliomkaribisha, maana siku vijana walipoingia barabarani mwezi Juni 2024 kupinga Mswada wa Fedha, hakuna katibu mkuu wa chama chochote ambaye angeweza kuinua simu akawazungumzia. Mliuondoa mswada Juni 26, siku moja baada ya damu kumwagika nje ya Bunge. Mapatano yangepatikana mapema zaidi mezani, na kwa gharama ya posho za vikao tu.

Sasa nije kwenye mikataba, ambako naona mfano wa Nairobi ya kikoloni ukiishi bila kubadilika sana. Mwaka 1997, uchaguzi ukikaribia, walimu waliahidiwa nyongeza ya asilimia 150 hadi 200 kwa awamu za miaka 5. Awamu ya kwanza ililipwa, nyingine zikakwama, na walimu wakagoma 1998 na tena 2002. Madaktari walitia saini mkataba Juni 2013. Serikali ikasema hautambuliki. Ikachukua siku 100 za mgomo kupata mwingine, uliotiwa saini Juni 2017. Mkataba huo wa pili ulimpa daktari aliye mafunzoni takriban Sh206,000 kwa mwezi. Mwaka 2024 serikali ikataka kumlipa Sh70,000, na nchi ikaingia katika mgomo mwingine wa siku 56, ambao ulitanguliwa na tukio la katibu mkuu wa KMPDU, Dkt Davji Atellah, kupigwa kichwani na mkebe wa gesi ya kutoa machozi wakati wa maandamano ya amani. Wahadhiri waligoma kwa siku 49 mwaka 2025, kuanzia Septemba 17, wakidai fedha za mkataba wa miaka ya 2017 hadi 2021. Serikali iliyokuwa ikibishana nao kuhusu kiasi ilikubali mwishowe kulipa Sh7.9 bilioni kwa awamu mbili.

Angalieni mtiririko huo kama mhasibu anavyoangalia daftari. Hakuna hata mara moja ambapo mgogoro ulimalizika kwa kuonekana kwamba fedha hazikudaiwa. Kila mara deni lilikuwepo, lilikubaliwa mwishoni, na kilichopotea katikati ni masomo ya wanafunzi na maisha ya wagonjwa ambao hawakuwa upande wowote. Katiba ya 2010, kifungu cha 41, inampa kila mfanyakazi haki ya kugoma, na inakipa kila chama haki ya kufanya mapatano ya pamoja. Mkoloni hakuwa na kifungu hicho cha kumzuia. Ninyi mnacho, mmekiapia, na bado mnatumia kalenda yake.

Wala msiniambie kwamba utaratibu mwingine hauwezekani hapa. Oktoba 1962, kabla hata ya uhuru, serikali, shirikisho la waajiri na shirikisho la wafanyakazi la KFL, Tom Mboya mwenyewe akiwa Waziri wa Leba, walitia saini Mkataba wa Uhusiano wa Viwandani. Februari 1964, nchi ikiwa changa na watu wasio na kazi wakiwa wengi, pande hizohizo tatu zilifanya mapatano mengine: waajiri binafsi waongeze wafanyakazi kwa asilimia 10, serikali kwa asilimia 15, na vyama visidai nyongeza ya mishahara wala kuitisha mgomo kwa miezi 12. Mapatano hayo hayakumaliza ukosefu wa ajira, na baadaye serikali ya Mzee Kenyatta ilivibana vyama vilivyokuwa vinashindana chini ya mwavuli mmoja wa COTU mwaka 1965. Lakini hebu yasomeni tena kama hati: kila upande unatoa kitu, kinachotolewa kimetajwa kwa tarakimu, na muda umewekwa. Mfanyakazi wa 1964 aliyenyamaza alijua ananyamaza kwa ajili ya nini na hadi mwezi gani.

Muda una uzito kuliko mnavyodhani. Jirani zetu wa Tanzania walipotoka katika Vita vya Kagera mwaka 1979, Mwalimu Nyerere aliwaomba wafunge mikanda kwa miezi 18. Hali haikutengemaa katika muda huo, na miaka ya foleni za sukari na sabuni ikafuata, na hadi leo wazee wa huko wakitajiwa miezi 18 hucheka kicheko kisicho na furaha. Hata hivyo walimvumilia, na nadhani sehemu ya sababu ni kwamba mtu yule aliwahi, Oktoba 1966, kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20 pamoja na wa mawaziri wake. Simsifu kwa yote. Ni serikali yake iliyovunja vyama huru vya wafanyakazi mwaka 1964 na kuweka kimoja chini ya mkono wake. Lakini alipowaomba watu wajinyime, hakuwa akiomba kutoka kwenye gari la kifahari.

Ninyi pia mlitoa ahadi ya namna hiyo. Julai 5, 2024, Rais alitangaza kwamba mashirika ya serikali 47 yenye majukumu yanayogongana yatavunjwa, idadi ya washauri itapunguzwa kwa nusu, na bajeti za ofisi za wake wa viongozi zitaondolewa. Tuliisikiliza hotuba hiyo kwa makini kuliko hotuba nyingi. Ninaomba taarifa yake, shirika baada ya shirika, ichapishwe katika Gazeti Rasmi la Serikali: lipi limevunjwa, lipi limeunganishwa, lipi lipo kama lilivyokuwa, na ni shilingi ngapi zimeokolewa.

Kuna jambo moja zaidi la kusema kuhusu faida ya kusikiliza vyama, maana mara nyingi mnavizungumzia kama kero ya kudhibitiwa. Septemba 11, 2024, wafanyakazi wa viwanja vya ndege waligoma kupinga mpango wa kuukabidhi uwanja wa Jomo Kenyatta kwa kampuni ya Adani kwa miaka 30. Waliambiwa hawaelewi uwekezaji. Wengine walipigwa. Novemba 21 mwaka huohuo, baada ya waendesha mashtaka wa Marekani kumfungulia mashtaka mwenye kampuni hiyo, Rais mwenyewe aliufuta mpango huo mbele ya Bunge na akapigiwa makofi. Wapakia mizigo na wahudumu wa uwanja walikuwa wamewaambieni bure, miezi miwili mapema.

Ninayoyaomba, basi, ni haya, na nayaandika kwa namna ambayo ofisi zenu zinaweza kuyajibu. Sheria ya nyumba irekebishwe ili mfanyakazi atakayechangia kwa miaka 7 bila kupata nyumba arudishiwe fedha zake pamoja na riba, kama mlivyokuwa mmependekeza wenyewe, na sheria hiyo itaje mwaka ambao tozo itakoma au itapigiwa kura upya Bungeni. Waziri wa Leba atoe mwongozo wa maandishi kwamba tozo hiyo haimwondolei mwajiri wajibu wake chini ya kifungu cha 31, kwa sababu nimeanza kusikia waajiri wakidai kwamba wajibu huo wameulipa kwa mlango wa pili. Kila mkataba wa pamoja unaotiwa saini na taasisi ya umma uwekwe kwenye makadirio ya bajeti ya mwaka uleule, na Waziri wa Hazina asiruhusu utiwe saini kama hana nia ya kuugharamia. Ni heri mtukatalie mbele ya macho kuliko mtukubalie mbele ya kamera. Na kabla ya Mswada wa Fedha unaofuata kufika Bungeni, itisheni kikao cha pande tatu mfano wa kile cha 1964, safari hii kikiwa na viti vya wawakilishi wa jua kali, wahudumu wa bodaboda na wafanyakazi wa majumbani. Hao ndio wengi zaidi kati ya wanaofanya kazi nchini, wanatakiwa kulipia bima ya afya asilimia 2.75 ya mapato ambayo hayana hati, na hawana chama cha kuwasemea. Wapishi na maboi wa 1947 walikuwa na Kiwanja cha Maskini. Hawa wana simu zao, na mmekwisha kuona mwaka 2024 wanavyoweza kuzitumia.

Majibu yenu ningependa yatoke kwa maandishi kabla ya bajeti kusomwa Juni, na yaelekezwe kwa wafanyakazi wote, si kwangu.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwakilishi wa zamani wa wafanyakazi,
Mombasa.

Nakala kwa:
Katibu Mkuu, COTU
Mkurugenzi Mtendaji, Shirikisho la Waajiri Kenya
Kamati ya Leba, Bunge la Taifa